Nafasi ya pili haihitaji miadi

Miaka kadhaa iliyopita nilimgombeza mama mmoja mbele ya foleni nzima ya kliniki. Mwanawe alikuwa na miaka mitatu na anaishi na ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi tunauita sikoseli. Mama huyo alikuwa amekosa kliniki mbili mfululizo, na dawa za mtoto zilikuwa zimekwisha nyumbani kwa zaidi ya mwezi. Mimi nilikuwa nimeona wagonjwa wengi tangu asubuhi, nina njaa, na siku mbili kabla tulikuwa tumempoteza mtoto mwingine mwenye ugonjwa huohuo. Nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naona aibu: "Unataka mtoto afe ndiyo uridhike?"

Yule mama hakujibu. Alikunja kadi ya kliniki, akaifunga kwenye pembe ya khanga, akaenda dirisha la dawa. Watu waliokuwa kwenye benchi walitazama chini.

Nusu saa baadaye nilitoka kwenda kunywa chai. Nikampita akiwa bado kwenye foleni ya dawa, mtoto mgongoni. Macho yetu yakakutana. Ilikuwa nafasi nzuri ya kumwambia, "Mama, nisamehe, nilisema vibaya." Maneno hayo hayafiki hata sekunde tano. Nilitoa simu mfukoni, nikajifanya nasoma ujumbe.

Mwezi uliofuata hakuja. Uliofuata huo pia hakuja.

Ndugu msomaji, leo sitaandika kuhusu dawa mpya wala kipimo kipya. Nataka tuzungumze kuhusu nafasi ndogo ndogo za kurudi kwa mtu tuliyemkosea, au tuliyempoteza tu kwa kupuuza. Nafasi hizo tunazipata kila siku, nyumbani, sokoni, kwenye daladala na hospitalini. Maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kazi hii, ni kwamba kuzitumia ni sehemu ya matibabu, na kuziacha zipite kuna gharama ambayo mara nyingine hulipwa na mtoto asiye na kosa.

"Niliogopa kusemwa"

Mama yule alirudi mwezi wa tatu, saa 5 usiku, nikiwa zamu. Mtoto alikuwa na homa kali, viganja vimepauka, anapumua haraka haraka. Tulimpima malaria, tukamwanzishia antibayotiki ya sindano, tukamwongezea damu. Alipoanza kutulia nikamuuliza mama homa ilianza lini.

"Juzi, daktari."

"Sasa mbona hukuja juzi?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema akiangalia sakafu: "Niliogopa kusemwa."

Kwao hadi kituoni ni mwendo wa saa moja kwa bodaboda. Nauli alikuwa nayo. Siku mbili nzima alikaa na mtoto anayechemka, akimpa panadol na kumfuta kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ya mdomo wangu.

Wazazi wenye watoto wa selimundu mnajua kwa nini siku mbili ni nyingi. Bandama la mtoto huyu huharibika mapema, kwa hiyo mwili wake hauwezi kupambana vizuri na baadhi ya vijidudu. Ndiyo maana tunampa penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku angalau hadi afikishe miaka 5, na ndiyo maana homa yake haisubiri kukuche.

Ilikuwa nafasi yangu ya pili kumwomba radhi. Nikaipoteza tena. Niliandika kwenye faili, nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Bibi na faini ya kuku

Asubuhi yake alifika bibi wa mtoto kutoka upande wa Sikonge, na kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Nilipofika kitandani akanisalimu, "Mwangaluka."

"Mwangaluka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona ulimi huo si wa hapa? Wewe kabila gani?"

"Mzaramo, bibi. Kwetu Kisarawe."

Akapiga makofi. "Ndiyo maana! Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi kwenu pwani, miezi kwa miezi, kwa miguu. Wewe umebeba kalamu tu tangu asubuhi, tayari umeshachoka na watu! Mtani wangu huyu. Faini yako kuku wawili."

Wodi nzima ikacheka. Nami nikamjibu kama mtani anavyopaswa kujibu: "Na ninyi viazi vikavu hivi mnavyokula, bibi, ndivyo vinavyofanya maneno yenu yakwaruze koo." Bibi akacheka hadi akashika mbavu. Nikamwona mama wa mtoto naye anacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Kicheko kilipotulia nikamgeukia. "Mama, bibi amesema kweli. Siku ile kliniki nilikukosea, tena mbele za watu. Naomba unisamehe."

Akasema, "Yameisha, daktari."

Tangu siku hiyo hakukosa kliniki ila mara moja, na mara hiyo alipiga simu kueleza kwamba mvua imekata njia. Simulizi hii naiandika kwa ruhusa yake, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike.

Dawa iliyozaliwa njiani

Bibi yule hakubuni kitu kipya. Alichukua chombo kilichokuwepo tangu enzi za misafara, akakitumia wodini.

Wasomaji wa Tabora mnaijua ile njia ya zamani. Ilitoka Bagamoyo, ikakatiza nchi ya Wazaramo na Wakwere, ikapanda hadi Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni takribani kilomita 1,200. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wake wakuu. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mzigo ulisafiri kichwani na begani.

Tusiipambe njia hiyo. Ilipitisha watumwa, na wengi walifia njiani. Lakini ilipitisha pia watu wa kawaida waliokuwa wakiingia katika nchi za wenzao wakiwa wageni, wamechoka, na mara nyingi wanaumwa. Wataalamu wengi wa historia na mila wanauhusisha utani wa Wanyamwezi na makabila ya huko njiani na pwani na safari hizo. Watu waliowahi kugombana, au ambao wangeweza kugombana, waliwekeana utaratibu: tutaniane, tutozane faini za mchezo, lakini mmoja akiugua au akifiwa ugenini, mtani amsaidie. Hadi leo kwenye misiba yetu mtani ndiye anayeruhusiwa kuchekesha wafiwa bila kukosa adabu, na mara nyingi ndiye anayeshika kazi ambazo ndugu wa damu hawaziwezi kwa uchungu.

Ukiutazama kwa jicho la daktari, utani ni njia ya kurudiana bila kumwaibisha mtu. Bibi hakusema, "Daktari, omba msamaha." Alinifungulia mlango, akanitania, nikapita mwenyewe.

Hata wakubwa wa zama hizo waliona faida ya kurudiana. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe. Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, aliingia vitani upande wa Waarabu, nao wakashindwa vibaya. Aprili 1876 Stanley alipita tena pande hizi, akakutana na Mirambo uso kwa uso, na wakachanjiana udugu wa damu. Hawakuwa malaika, kila mmoja alikuwa na maslahi yake. Lakini ikiwa watu wale, na silaha zao zote, waliweza kukaa chini baada ya miaka 5 ya uadui, mimi na wewe tunashindwa nini na jirani aliyetunyima kamba ya kuanikia nguo?

Kama daktari, hata hivyo, siwashauri mchanjiane damu. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi havijali udugu. Salamu inatosha.

Mwili unahesabu

Kuna wasomaji watakaosema, "Daktari, haya ni mambo ya mashehe na wachungaji." Ni yao, na ni ya wodini pia.

Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake nchini Marekani walikusanya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 308,000. Waligundua kwamba watu wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50, wa kuwa hai mwishoni mwa kipindi cha utafiti kuliko wasio nao. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Mtu anayeishi na ugomvi au upweke wa muda mrefu huwa na mwili ulio katika tahadhari wakati wote: usingizi unapungua, shinikizo la damu linapanda. Tena hana wa kumkumbusha dawa wala wa kumpeleka hospitali usiku.

Ikiwa kurudiana kuna faida hivi, kwa nini tunachelewa? Nadhani tunaogopa kuonekana tunajipendekeza. Mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900. Walichunguza kinachotokea mtu akimtafuta mwenzake, kwa ujumbe mfupi au zawadi ndogo, ili kumjulia hali tu. Mara baada ya mara, aliyetuma alidhani mwenzake atafurahi kidogo. Aliyepokea alifurahi zaidi ya hapo. Kwa hiyo ile sauti ya ndani inayosema "ataniona wa ajabu" mara nyingi inatudanganya.

Kwa mzazi mwenzangu

Nina watoto wawili. Najua jinsi mzazi anavyorudi nyumbani amechoka, akakuta maziwa yamemwagwa juu ya daftari, akasema maneno ambayo hakuyapanga.

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wakaze uso kwa dakika chache bila kuonyesha hisia yoyote. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakalia, kisha wengi wakageukia pembeni. Mama alipoanza kucheza tena, watoto nao wakaanza kurudi taratibu. Kutokana na kazi yake ya miaka mingi, Tronick alieleza jambo linalonifariji kama mama: hata mama na mtoto wanaopendana sana hupishana kwa sehemu kubwa ya muda wanaokuwa pamoja. Kinachomjenga mtoto ni kuona kwamba mama akipotea, hurudi.

Kwa hiyo usiku ule ule, au asubuhi kabla hajaenda shule, kaa karibu na mtoto umwambie: "Jana nilipiga kelele na nikakuita mjinga. Kumwaga maziwa ni kosa na utasaidia kufuta, lakini wewe si mjinga. Nisamehe." Hupotezi heshima ya uzazi kwa kusema hivyo. Unamfundisha mtoto namna ya kurudi anapokosea, na siku akipata tatizo kubwa, mimba, madawa ya kulevya au mtu anayemgusa vibaya, atajua mlango wako haujafungwa.

Kwa mgonjwa

Ukikosa kliniki, rudi. Iwe ni ya shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi au selimundu, tarehe iliyopita kwenye kadi haijafuta haki yako ya kutibiwa. Rudi kesho, usingoje mwezi ugeuke.

Ukifika, sema ukweli mapema: "Dawa ziliisha wiki tatu zilizopita." Najua kwa nini wengi wanaficha. Wanaogopa kusemwa, kama yule mama. Lakini tazama kinachotokea. Mgonjwa wa presha anasema anameza dawa vizuri, kumbe hamezi. Mimi naona presha iko juu, nafikiri dawa moja haitoshi, naongeza ya pili. Akifika nyumbani, kwa kuwa amepata hofu, anameza zote. Presha inashuka ghafla, anaanguka bafuni. Uongo mdogo wa kuepuka aibu umemvunja nyonga.

Kama kuna mhudumu aliyekukosea, usiadhibu mwili wako kwa kuacha matibabu. Omba kuonana na mhudumu mwingine, nenda kwa mganga mfawidhi au ofisi ya ustawi wa jamii, tumia sanduku la maoni. Na kama utamwona mhudumu huyo anakusalimu kwa namna ya tofauti safari ijayo, huenda ndiyo namna yake ya kuomba radhi. Mpe nafasi.

Na mzazi wa mtoto mwenye selimundu, bila kujali umekosa kliniki ngapi, mlete siku hiyo hiyo akiwa na homa, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, akipumua kwa shida, maumivu yakikataa dawa, au mkono, mguu au upande mmoja wa uso ukilegea. Njoo usiku, na mimi nikiwa zamu nitakuambia, "Pole kwa safari, mama."

Kwa wenzangu wa koti jeupe

Tunachoka, wagonjwa ni wengi, na wakati mwingine hasira yetu ni huzuni isiyopata mahali pa kwenda. Lakini kila neno la dharau tunalotupa kliniki linasafiri hadi kijijini na kuwazuia watu wasiokuwepo siku hiyo. Mimi nimebadilisha swali moja tu. Zamani niliuliza, "Kwa nini hukuja?" Siku hizi nauliza, "Nini kilikuzuia?" Majibu ninayopata ni marefu na ya kweli zaidi: nauli, msiba, mavuno ya tumbaku, mume aliyekataa. Mengi yana ufumbuzi, angalau kwa kubadilisha tarehe au kumpa dawa za kumtosha muda mrefu zaidi. Na tukikosea, tuombe radhi mbele ya watu wale wale tuliomwaibishia mgonjwa, kabla hajaondoka na kadi yake.

Si kila mlango urudiwe

Nisieleweke vibaya. Sisemi mwanamke anayepigwa arudi kwa anayempiga, wala mtoto aliyenyanyaswa alazimishwe kumsalimu aliyemnyanyasa ili familia isiaibike. Huo si wema, ni kumrudisha mgonjwa kwenye chanzo cha jeraha. Hapo nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au piga namba 116 bila malipo kwa tatizo la mtoto. Unaweza kumsamehe mtu ukiwa mbali naye, na hata kusamehe huko hakuna wa kukupangia muda.

Ninaowazungumzia ni wale wengine, walio wengi zaidi: dada mliyenuniana tangu mazishi ya baba, rafiki wa shule ambaye hukujibu ujumbe wake ukaona aibu kumjibu mwezi uliofuata, jirani, mkwe, mwalimu wa mtoto. Wiki hii mchague mmoja. Usiandae hotuba. Msalimie, umwulizie mama yake, umtumie embe kama msimu umefika. Akijibu kwa baridi, mwachie muda, utakutana naye tena. Mimi nilizipoteza nafasi mbili kabla ya kuipata ya tatu, na hiyo ya tatu niliipewa na bibi aliyekuja na kikapu cha viazi.

Mtoto yule sasa yuko darasa la pili. Bibi yake bado yupo, na kila akija mjini hupita kliniki kunikumbusha kwamba sijalipa kuku wake. Nimemwambia nitalipa siku Wanyamwezi watakapojifunza kucheza ngoma kama sisi. Anasema atasubiri.

Tukutane wiki ijayo.